Usipoziba Ufa: Maneno Juu ya Elimu ya Waganga wa Meno

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Ipuli, Tabora)



Jambo tulilochagua huenda likaonekana dogo, maana ni jambo la jino. Lakini mtu aliyewahi kukesha na jino bovu hatasema ya kwamba ni dogo. Karani mwenye jino linalouma hukosea hesabu, huwajibu watu kwa ukali, na barua ya ukurasa mmoja humchukua mchana kutwa. Basi twaomba mtuvumilie.

Wahenga walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Jino nalo huanza kuharibika kwa kitundu kidogo kama kichwa cha sindano. Kikizibwa mapema, mtu aweza kukaa na jino lake mpaka uzeeni. Kisipozibwa, uozo huingia ndani mpaka kwenye kiini, mahali penye mishipa, na hapo ndipo usingizi unapoondoka. Mwisho wake ni koleo; na jino la utu uzima likisha kung'olewa halioti tena.

Kwa nini, basi, wengi wetu humwendea mganga wa meno ili ang'oe tu, wala si ili azibe? Zipo sababu za mgonjwa mwenyewe: hofu, umbali wa safari, upungufu wa fedha, na desturi ya kungoja mpaka maumivu yazidi. Lakini ipo sababu nyingine isiyotajwa sana. Mganga hawezi kuziba kwa njia ambayo hakufundishwa. Na yale aliyofundishwa chuoni miaka ishirini iliyopita, mengine yamekwisha kubadilika. Hayo ndiyo maneno yetu ya leo.

Fundisho la zamani lilikuwa hivi: tumia mashine izungukayo, toboa mpaka ufike mahali pagumu kabisa, panua tundu, kisha jaza amalgamu, yaani mchanganyiko wa zebaki na fedha na madini mengine. Kazi hiyo ilikuwa njema kwa wakati wake, na wako kati yetu wanaotafuna kwa mazibo hayo hata leo. Lakini mashine ile hutaka umeme, hutaka hewa ya kushindiliwa, hutaka maji safi na fundi wa kuitengeneza. Pasipokuwa na vitu hivyo, mganga hubaki na koleo lake peke yake.

Hapa twapenda kuwakumbusha jambo la kujivunia. Njia iliyotegua kitendawili hicho haikuletwa kwetu kutoka nchi za mbali. Ilianza hapa hapa Tanzania. Katika miaka ya kati ya 1980, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mmoja wao akiwa Mholanzi aitwaye Jo Frencken, waliona ya kwamba vijijini mashine hazifai kitu. Wakaziacha, wakatumia vyombo vya mkono tu: kipatasi kidogo cha kufungulia tundu, na vijiko vidogo vya kukwangua sehemu iliyooza. Kisha wakajaza tundu kwa saruji ya meno. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, ambayo mwaka ule ilihusu afya ya kinywa, njia hiyo ilitangazwa katika Shirika la Afya Duniani. Leo yajulikana katika nchi nyingi.

Saruji itumiwayo sasa katika kazi hiyo huitwa glasi-ayonoma. Nayo ina habari itakayowapendeza watumishi wenzetu, kwa kuwa walioivumbua, Alan Wilson na Brian Kent, walikuwa watumishi wa Serikali kama ninyi, katika maabara ya Mkemia wa Serikali mjini London. Wakaieleza kwa waganga wa meno mwaka 1972. Saruji hiyo hushikana na jino lenyewe, tena hutoa floridi kidogo kidogo, dawa inayosaidia jino lisioze tena. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa za lazima.

Mtu akisikia habari hizi aweza kusema: "Kama ni kijiko na saruji tu, elimu ya nini?" Ndugu zetu, hapo ndipo penye kosa. Kazi isiyo na mashine hutegemea mkono, na mkono hutegemea mafunzo. Unga na maji ya saruji hupimwa; maji yakizidi, zibo huwa dhaifu, na unga ukizidi, halishiki. Jino lazima lizungushiwe pamba, maana mate yakiingia kabla ya kujaza, kazi yote imepotea. Saruji hushindiliwa kwa kidole kilichovaa glavu na kupakwa mafuta ya mgando, ziada ikaondolewa, mgonjwa akauma meno ili kupima kimo, kisha akaambiwa asile kwa muda wa saa moja. Tena yampasa mganga kujua mahali pa kuitumia njia hii. Tundu lililo upande mmoja wa jino hudumu vema. Lililokula pande mbili au zaidi, hasa katika magego ya watoto, huacha zibo upesi zaidi.

Yako mabadiliko makubwa kuliko hayo. Zamani mwanafunzi alifundishwa kuondoa kila kilicho laini, hata kama atakifunua kiini. Siku hizi wataalamu hufundisha ya kwamba kandokando ya tundu pasafishwe mpaka pawe pagumu, lakini chini kabisa, karibu na kiini, yafaa kuacha tabaka laini kidogo na kulifunika barabara. Kwa maana uozo uliofungiwa pasipo chakula hudhoofika, na kiini hupona. Mganga mwenye bidii lakini asiyepata habari hii aweza kuliua jino kwa uhodari wake mwenyewe. Yeye si mvivu wala si mjinga, hakuambiwa.

Tena yako mambo ya zebaki. Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania nayo ni mwanachama wake, ulikubaliwa mwaka 2013 ukaanza kufanya kazi mwaka 2017, ili kupunguza sumu ya zebaki duniani. Mwaka 2022 nchi wanachama ziliongeza ya kwamba amalgamu isitumiwe kwa watoto walio chini ya miaka 15, wala kwa wanawake wenye mimba au wanaonyonyesha, isipokuwa mganga akiona ni lazima. Badala yake, pamoja na saruji ile, kuna rezini nyeupe inayogandishwa kwa taa ya mwanga wa buluu. Rezini ni nzuri kwa macho, lakini ni kali kwa mzembe: jino huandaliwa kwa asidi, hukaushwa kwa kipimo, rezini hutiwa tabaka kwa tabaka, na taa yenyewe hupimwa nguvu yake. Hayo hayajifunzwi kwa kusoma karatasi ya ndani ya boksi.

Mafunzo ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili mwaka 1979, na waliohitimu tangu hapo wametawanyika mikoani. Baraza la Madaktari Tanganyika huwataka madaktari na madaktari wa meno waendelee kujifunza ili wahuishe leseni zao. Amri hiyo ni njema. Lakini amri hupitia mezani, na mezani tupo sisi.

Twajua habari ya tabibu mmoja wa meno, ambaye jina lake na kituo chake hatutavitaja. Aliitwa katika mafunzo ya siku tano ya kuziba meno. Barua ya kumwita ilifika mapema, ikapigwa muhuri wa kupokelewa, kisha ikatiwa katika faili lisilo lake. Ilipoonekana, mafunzo yalikuwa yamekwisha. Hakuna aliyelaumiwa, kwa kuwa ilikuwa karatasi moja tu. Lakini kwa muda wa mwaka mzima tabibu yule aliendelea kung'oa meno ambayo yangaliweza kuzibwa. Nani ataihesabu hasara hiyo, na katika daftari gani?

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Kwanza, karani apokeaye barua ya mafunzo aipeleke siku ile ile kwa mhusika. Pili, mwenye kutunza ghala aagize saruji pamoja na vijiko kabla ya mganga kurudi kutoka masomoni, maana maarifa bila vyombo husahauliwa. Tatu, mganga aliyerudi apewe nusu siku awafundishe wenzake wa zahanati za jirani, ili elimu ya mmoja iwe ya wengi.

Mwisho, tukumbuke tulipo. Kwa njia hii ya Tabora walipita wapagazi, wakichukua pembe za ndovu kutoka bara kwenda Bagamoyo. Nazo pembe hizo, kwa asili, ni meno. Watu walitembea miezi mingi kwa ajili ya meno ya mnyama. Je, sisi tutashindwa kuipeleka barua moja kutoka meza hii mpaka meza ile, kwa ajili ya meno ya watoto wetu?