Ilani za usafiri: nani anaamua kama Kenya ni salama?

Haya ni mazungumzo niliyotoa jana jioni hapa Mombasa mbele ya vijana wanaosomea utalii. Wengi mmeomba nakala, ndiyo hii, nimeikata vipande ili isomeke kwa simu. Sheria ya uzi huu mnaijua: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunachambua hoja tu.

1. Kila ubalozi ukitoa ilani kuhusu Kenya, mdahalo wa runinga huwa ni ule ule. Mheshimiwa wa upande huu anasema, "Hawa wanatuhujumu, wanataka kuua uchumi wetu." Wa upande ule anajibu, "Mnaona? Hata wageni wamejua nchi imewashinda." Wanapigiana kelele saa nzima, na ukizima runinga bado hujui ilani yenyewe imesema nini. Sasa leo tuisome.

2. Kwanza, ilani si marufuku. Ni ushauri ambao serikali inawapa raia wake. Mtu akitaka kuja, anakuja. Marekani, tangu Januari 2018, hutumia ngazi nne: ya 1 ni tahadhari za kawaida, ya 2 ni kuongeza tahadhari, ya 3 ni kuifikiria tena safari, ya 4 ni usiende. Kenya kwa ujumla tumekuwa tukikaa ngazi ya 2. Na humo humo kwenye ngazi ya 2 wamekuwemo Ufaransa, Ujerumani na Uingereza. Kwa hivyo mtu akikwambia tumetiwa kwenye orodha ya nchi hatari, muulize: ngazi ya ngapi?

3. Lakini tusijidanganye pia. Ndani ya hiyo ngazi ya 2 kuna ramani. Sehemu za mpaka na Somalia wameziweka ngazi ya 4, na mitaa kama Eastleigh na Kibera ngazi ya 3. Uingereza nayo huwaambia watu wake wasikaribie mpaka huo kwa kilomita 60 bila sababu ya lazima. Kaunti ya Lamu imo kwenye onyo lao, ila kisiwa cha Lamu na cha Manda wamevitoa. Umeona? Ukisoma vizuri, swali si "Kenya ni salama?" Swali ni "Kenya ipi?"

4. Kwa nini hawanyamazi tu, tumalizane nao faraghani? Hili wanasiasa wetu hulisema sana. Jibu liko Lockerbie. Mapema Desemba 1988, ubalozi wa Marekani mjini Helsinki ulipigiwa simu ya kuonya kwamba ndege ya Pan Am inayotoka Frankfurt kwenda Marekani ingelipuliwa. Onyo hilo lilibandikwa kwenye ubao wa ubalozi wao wa Moscow, wafanyakazi wakalisoma. Abiria wa kawaida hawakuambiwa. Tarehe 21 Desemba ndege ikalipuka juu ya Lockerbie, Scotland. Watu 270 wakafa, kuanzia waliokuwa ndani hadi waliokuwa majumbani mwao chini.

5. Wachunguzi baadaye waliona simu ile ilikuwa ya uongo, imesadifiana tu na mkasa. Lakini hasira ya familia ilibaki pale pale: mbona wa serikali waliambiwa na sisi hatukuambiwa? Tangu hapo Marekani ina msimamo kwamba ikiwaonya wafanyakazi wake kuhusu hatari inayowahusu pia raia wengine, lazima iwaambie na hao raia. Kwa hivyo balozi hawezi kuwaambia watu wake wasiende mahali fulani Jumamosi halafu awafiche watalii. Unaweza kulia hujuma, lakini si wewe unayefikiriwa ilani inapoandikwa.

6. Hiyo haimaanishi ilani haiumizi. Nyinyi wengi mlikuwa wadogo mwaka 2014, wacha niwakumbushe. Katikati ya Mei, Uingereza iliwaonya raia wake dhidi ya safari zisizo za lazima kisiwani Mombasa na ukanda wa pwani kuanzia Mtwapa hadi Tiwi. Diani haikutajwa. Uwanja wa ndege wa Moi haukutajwa. Lakini mtalii akishuka Moi akaenda Diani, siku hizo alikuwa anapita wapi? Likoni, kwenye feri. Kampuni za utalii zikapiga hesabu ya bima, kwa sababu ukienda kinyume na ilani bima yako inaweza kukataa kulipa. Wiki hiyo hiyo watalii mamia wakarudishwa kwao kwa ndege, na safari za kukodi zikasimamishwa.

7. Mstari ulichorwa Tiwi, njaa ikaingia Diani. Aliyeachishwa kazi si mheshimiwa. Ni mpishi, ni dobi, ni dereva, ni kijana wa kuuza vinyago ufuoni, ni mama wa Ukunda aliyekuwa anapeleka samaki hotelini. Wageni waliokuja nchini walipita milioni 1.5 mwaka 2013. Kufikia 2015 walikuwa chini ya milioni 1.2. Uingereza ililegeza onyo lake kwa sehemu kubwa ya pwani Juni 2015, lakini hoteli iliyofungwa haifunguki kesho yake.

8. Sasa sikilizeni upande wa pili, ule ambao hausemwi runingani. Wiki ile ile ya Mei 2014 tukiwa tunalalamika kwamba tumeonewa, milipuko miwili ilitokea soko la Gikomba, Nairobi. Watu wasiopungua 10 wakafa. Mwezi uliofuata, Mpeketoni, watu wapatao 60 wakauawa. Mwaka uliofuata, siku chache baada ya viongozi kuzilalamikia tena ilani, Chuo Kikuu cha Garissa kikavamiwa. Hiyo ni 2 Aprili 2015. Watu 148, wengi wao wanafunzi wa rika lenu.

9. Waliokufa Gikomba walikuwa wanauza na kununua mitumba. Waliokufa Mpeketoni walikuwa kwao. Hakuna aliyekuwa na balozi wa kumwandikia ilani. Hapa ndipo ninapogombana na pande zote mbili za mdahalo. Mmoja analilia mtalii asiondoke, mwingine anafurahia mtalii kuondoka apate hoja. Mwananchi anayelala pale pale kwenye ile ramani, hakuna anayemtaja. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sawa, lakini mwenyeji asipokuwa salama, mgeni atalindwa na nani?

10. Basi mtu apime vipi usalama wa nchi, yetu au ya wenzetu? Mimi natumia maswali manne. Wapi hasa: mji gani, barabara gani? Hatari gani: ugaidi, wizi, maandamano, au maradhi? Kwa nani: mgeni wa hotelini, mwanamke anayesafiri peke yake, au mwenyeji anayerudi kazini usiku? Na tangu lini: ilani ilibadilishwa wiki hii, au ni maneno ya zamani yamenakiliwa tu?

11. Ukiuliza hivyo, utashtuka. Kwa mgeni wa kawaida anayekuja Kenya, hatari ya kila siku haina bunduki. Ni barabara. Kila mwaka katika miaka ya karibuni tumezika zaidi ya watu 4,000 waliokufa kwa ajali, wengi wakiwa wanaotembea kwa miguu na wa bodaboda. Ilani za kigeni huzitaja barabara zetu. Sisi tunaruka ukurasa huo tunakimbilia ule wa ugaidi, kwa sababu wa ugaidi unafaa kugombania.

12. Na kabla hujasema ilani ni ubeberu, kumbuka na sisi tunatoa. Mwaka 2022 Wizara yetu ya Mambo ya Nje iliwaonya Wakenya kuhusu kazi za uongo Thailand, ambako vijana wetu walikuwa wakivushwa hadi Myanmar kufanyishwa utapeli wa mitandaoni. Je, tulikuwa tunahujumu uchumi wa Thailand? Tulikuwa tunawaokoa watoto wetu. Basi na mwenzako ana watoto wake.

13. Haina maana tukubali kila kinachoandikwa. Mstari ukichorwa mpana kupita kiasi, serikali idai upunguzwe, na ipeleke ushahidi: doria ziko wapi, mashambulizi yamepungua kiasi gani, hospitali ya karibu ina nini. Kisiwa cha Lamu hakikutolewa kwenye onyo kwa matusi kwa balozi. Ramani hubishaniwa kwa ramani.

14. Namalizia. Msimu wa siasa ukifika, mtaambiwa, "Nichagueni, nitaondoa ilani." Hiyo ni ahadi hewa, ilani si yake. Muulizeni anachoweza kujibu. Mtu akipiga 999 Mpeketoni saa nane usiku, gari la polisi litafika baada ya muda gani, na lina mafuta? Barabara ya kwetu ina taa? Mwenye kuripoti mtu anayemshuku analindwa, au anaishia yeye kuhojiwa? Akijibu hayo vizuri, siku moja balozi ataifuta ile rangi nyekundu mwenyewe bila kuombwa. Na hata asipoifuta, mama wa Ukunda atakuwa amelala salama.

Maswali yenu yaacheni hapa chini, nitayajibu mpaka saa nne usiku. Ukitaja jina la mtu au chama, nafuta.