Mabinti wa Zawose washika ala

Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo kutoka Tanzania, alipofariki Desemba 2003, aliacha Bagamoyo ukoo mzima wa wanamuziki. Kwa desturi ya Wagogo, zeze, ala ya nyuzi, na ilimba, ala ya vyuma, ni za wanaume. Wanawake hubana ngoma za muheme magotini. Pendo, binti wa Hukwe, alikuwa mwitikiaji tu.

Mwaka 2024 Pendo na Leah, mjukuu wa mzee, walitoa albamu ya Maisha kwa jina la The Zawose Queens. Sasa wao ndio wanaoongoza, na vidole gumba vyao vinachezea vyuma vya ilimba.

Wapo watakaonung'unikia vionjo vya elektroniki katika albamu hiyo. Wanasahau kwamba mzee mwenyewe, mwaka 2002, alitoa Assembly, albamu yenye vionjo kama hivyo, pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada.