Kujifunza Biashara kwa Mikono

(Maneno ya mwanachama wa karakana mbele ya mkutano wa tawi)



Nimeombwa niseme machache juu ya watoto wetu walio katika Chuo Kikuu. Wengi wenu mmelipa karo kwa taabu, mwingine ameuza ng'ombe, na kijana amerudi nyumbani na cheti cha biashara, lakini hajapata kuuza hata kibiriti. Sasa anamwomba baba yake mtaji. Je, tumpe?

Katika karakana hakuna fundi aliyejua breki ya behewa kwa kusomewa. Alishika spana, akasimamiwa na mkubwa wake, na kazi mbaya ilirudishwa aifanye tena. Biashara nayo yaweza kufundishwa hivyo.

Katika nchi ya Ufini, mji wa Jyväskylä, mwalimu mmoja, Johannes Partanen, alianzisha mwaka 1993 shule iitwayo Tiimiakatemia ndani ya chuo cha huko. Aliwavuta wanafunzi kwa tangazo la kuwauliza kama wataka kuzunguka dunia na kujifunza biashara papo hapo. Wanafunzi huungana kikundi, na kikundi huandikisha kampuni ya kweli, mara nyingi ushirika. Katika ushirika kila mtu ana kura moja. Wateja huwatafuta wenyewe, na hati za malipo huziandika wenyewe. Mwalimu haitwi mwalimu bali kocha. Sisi tungemwita nyapara, ila nyapara asiyepiga kelele. Huketi duara pasipo meza, wakaulizana: mteja yule amekwenda wapi? Fedha hii imepotelea wapi? Vitabu husoma, tena vingi, lakini mtu husoma kile kinachomsaidia katika kazi iliyo mbele yake. Baada ya miaka mitatu na nusu hupata digrii, na safari yao hulipwa kwa fedha walizochuma.

Sasa nisikilizeni vizuri. Wako mabwana watakaosikia habari ya kujifunza kwa kutenda, wakafurahi kwa sababu yao nyingine. Tunawaona vijana wa vyuo wanaoletwa makazini miezi mitatu. Wanabeba mafaili, wanapika chai, na mwisho wa mwezi hakuna mshahara. Huko ni kutumikishwa. Kule Jyväskylä kazi ni mali ya wanafunzi: faida yao, hasara yao, na hesabu iko mbele ya macho yao. Mtu asiyeonyeshwa kitabu cha fedha hawezi kujua kwa nini duka limefungwa, hata akilifagia miaka kumi.

Tena ushirika ukianguka, mwanachama hupoteza hisa yake, wala si shamba la babaye.

Sisi si wageni wa jambo hili. Katika chama chetu cha akiba na mikopo tunasomewa hesabu kila mwaka na tunapiga kura. Kwa hiyo nasema, usimpe kijana mmoja fedha zako za uzeeni. Vijana kumi wa wanachama waungane wangali chuoni, waandikishwe, wakopeshwe kidogo kwa riba ile ile tunayolipa sisi, na mweka hazina wetu akague kitabu chao kila mwezi. Wachague kazi wenyewe, wazee tusiwachagulie.

Bwana Mwenyekiti, naomba jambo hili liandikwe katika shughuli za mkutano ujao, na wenye watoto chuoni wampe Katibu majina kabla ya siku hiyo.