Saa za Mzazi, Haki ya Mtoto

Bunge la Uganda lilirekebisha Sheria ya Watoto mwaka 2016. Msingi wake haujifichi: shauri la malezi likifika mahakamani, maslahi ya mtoto hutangulia. Ibara ya 34 ya Katiba ya 1995 nayo inampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake na kulelewa nao.

Haki hiyo si tuzo ya mshindi wa kesi. Baba aliyechelewesha karo adaiwe karo, asifungiwe mlango. Mama aliyeomba talaka asinyimwe matumizi ya mtoto.

Ijumaa jioni, mtoto mwenye begi mgongoni ajue nani anamfuata, asiulizwe anampenda nani zaidi. Wazazi, andikeni ratiba yenu kabla hakimu hajawaandikia.