Kinyozi Hajinyoi

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya walimu wakimbizi, Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, Lobule, Koboko)



Kamati ilituomba sisi walimu tuseme maneno machache juu ya jambo ambalo vijana wanatuuliza kila mara. Mtu atajuaje kipaji chake? Na ataishije vizuri na watu kazini, pamoja na wale anaokutana nao kwenye simu tu? Tulikaa chini ya mwembe tukajadiliana. Tukaona tusiwaletee mafundisho ya vitabuni, bali tuwaeleze yaliyotupata sisi wenyewe, ya kujivunia na ya aibu. Wahenga walisema: kinyozi hajinyoi. Hata awe fundi namna gani, kisogo chake hakioni. Neno letu la leo ni hilo. Kipaji chako ni kama kisogo chako: mwenzako ndiye anayekiona kwanza.

Ndugu zetu, wengi wetu tulitoka eneo la Aru, katika jimbo la Ituri. Tulikuwa tumepita chuo cha ualimu, tukafundisha madarasa ya juu kwa Kifaransa. Tulipovuka mpaka, wengine walibeba vyeti ndani ya mfuko wa plastiki kifuani, na wengine vyeti vyao vilibaki katika moto. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, na kwa hilo tunaishukuru nchi hii. Lakini cheti cha Kifaransa hakina budi kutafsiriwa na kulinganishwa na cha hapa kabla hakijakubaliwa. Tulikwenda katika ofisi moja, tukatajiwa gharama, tukatazamana, tukarudi nyumbani kwa miguu.

Basi tukaajiriwa kama walimu wasaidizi. Kazi yetu ilikuwa kukaa nyuma ya darasa la kwanza na kuwatafsiria watoto maneno ya mwalimu. Hatutawaficha: tuliona haya. Mmoja wetu, aliyekuwa akifundisha sarufi kwa wanafunzi wenye ndevu, alikataa kuingia darasani siku mbili nzima. Alisema, "Nimesoma miaka yote hii ili niwafute watoto makamasi?" Nasi tulimwelewa, maana ndivyo tulivyowaza sote.

Katika darasa lile alikuwako mama mmoja, mwalimu mwenyeji, Mkakwa wa hapa Koboko. Mnajua kwamba tangu mwaka 2007 mtaala wa Uganda unataka madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya mahali pale. Watoto walikuwa wamejaa hata chini kwenye sakafu, na yeye alikuwa peke yake na ubao mmoja. Siku moja alisimama akatuambia: "Walimu, nimewasikiliza. Mkiongea nao Kikakwa hicho cha bibi yenu, watoto wananyamaza. Leo nyinyi simulieni hadithi ya sungura, mimi nitaandika maneno ubaoni."

Tulisimulia. Watoto waliitikia. Mama yule akaandika neno moja moja, na kabla kengele haijalia kulikuwa na watoto waliosoma jina la mnyama kwa mara yao ya kwanza.

Sasa fikirini jambo hili. Tulipokuwa watoto wa shule, aliyesema lugha ya nyumbani darasani alichapwa. Tulijifunza kuificha kama nguo yenye kiraka. Chuoni tulishindana kwa Kifaransa. Na kumbe huku ugenini kitu kilichohitajika kuliko vyote kilikuwa kile tulichokificha. Hatukukigundua kwa kujitazama katika kioo. Alikiona mwanamke ambaye siku za kwanza hata kumsalimu tulimsalimu kwa haraka, kwa sababu tulidhani yeye ndiye aliyechukua nafasi yetu.

Baadaye, wakati wa chai, alitueleza habari zake. Amin alipoondolewa mwaka 1979, na vita vilipofika West Nile mwaka 1980, watu wa huku walikimbilia Zaire na Sudan, na wengi walikaa huko miaka kadhaa. Yeye alikuwa mtoto mgongoni mwa dada yake. Walipata hifadhi upande wa Aru. Mtu aliyemfundisha kushika kalamu alikuwa mwalimu wa Zaire. Alituambia, "Deni hilo sikuwa nimelilipa." Tulinyamaza, chai ikapoa mikononi. Wakakwa wana maneno yao, Salia Musala, ya kuonyesha kwamba wao ni kitu kimoja ijapokuwa mipaka imewagawa katika nchi tatu. Siku ile tuliyaelewa maneno hayo.

Vijana wetu, msidhani mambo haya ni ya walimu tu. Kule Kakuma, Kenya, alikuwako msichana mkimbizi kutoka Sudan Kusini, Rose Nathike Lokonyen. Shuleni mwalimu wake alimshauri ajaribu mbio za kilomita 10. Hakuwa amefanya mazoezi, na hakuwahi kushindana kabla ya hapo. Akatoka wa pili. Mwaka 2016 msichana huyo alibeba bendera mbele ya Timu ya kwanza ya Wakimbizi katika Michezo ya Olimpiki mjini Rio de Janeiro, na akakimbia mita 800. Miguu ilikuwa yake, lakini aliyeiona miguu ile alikuwa mtu mwingine, mtu aliyekaa naye kila siku kazini pake.

Kwa hiyo kijana akituuliza, "Kipaji changu ni kipi?" sisi tunamrudishia swali: "Watu hukuita kwa ajili ya nini?" Kuna kijana ambaye majirani humletea simu zilizokufa naye huzifufua kwa wembe na waya. Kuna mama ambaye ugomvi ukianza kwenye bomba la maji, watu husema, "Mwiteni fulani." Kuna mtoto anayechora ng'ombe mpaka unataka kumkamua. Hao wote watakuambia hawana kipaji, kwa sababu jambo lililo rahisi kwako hulioni kuwa kitu. Kule Rhino Camp, makazi ambayo zamani yalikuwa ndani ya wilaya ya Arua, wakimbizi wa Sudan Kusini waliunda chama chao kinachoitwa CTEN, kikawafundisha vijana kompyuta na kuweka mahali pa kutengenezea vifaa vilivyoharibika. Vijana waliokuwa wakifungua redio kwa udadisi walipata mahali pa kuonekana. Kipaji kinataka kuonekana, na kuonekana kunataka watu.

Hapo ndipo tunafika kwenye aibu yetu.

Shule ilikuwa na kikundi cha WhatsApp cha walimu na baadhi ya wazazi, watu kama 60. Siku hizo serikali ilikuwa ikitoza shilingi 200 kwa siku kwa kila atumiaye mitandao ya kijamii. Kodi hiyo ilianza Julai 2018 na ikaondolewa Julai 2021. Tulikuwa tukichangia simu moja watu watatu. Chaki ziliisha. Kulikuwa na mwalimu mwenyeji, kijana mpole, aliyetunza stoo. Jioni moja, tukiwa na njaa na hasira, tuliandika katika kikundi: "Tunauliza, chaki za watoto wetu zinaliwa na nani?" Jina lake hatukulitaja, lakini nani hakujua?

Hakujibu. Kesho yake alifundisha vizuri kama kawaida, ila mahali pa chai hakuja. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Watoto nao wakaanza kukaa mbalimbali, wa kwake huku na wa kwetu kule. Mwishowe mwalimu mkuu alituita akatuonyesha daftari: chaki za muhula ule hazikuwa zimeletwa kabisa. Zile tulizokuwa tukitumia kijana yule alizinunua kwa pesa zake, mjini Koboko, bila kumwambia mtu.

Tulimfuata nyumbani kwake usiku, tukaomba radhi. Alitukaribisha, akatupa viti, kisha akasema neno ambalo hatujalisahau: "Mlinivua nguo sokoni, sasa mnataka kunivika chumbani?"

Alikuwa na haki. Asubuhi tulilipa tena shilingi 200, tukaandika katika kikundi kile kile, mbele ya watu wale wale, kwamba tulikosea, na tukaeleza chaki zilitoka wapi. Vidole vilikuwa vizito, tunawaambia kweli. Lakini mchana alikuja kunywa chai. Na ni yeye huyo ambaye baadaye alimwona yule mwenzetu wa sarufi akichora picha kwenye gunia la unga ili watoto wahesabu, akamwambia, "Wewe ni fundi wa vifaa vya kufundishia." Leo magunia yake yametundikwa katika madarasa mengi. Kama tungeacha urafiki ule ufe, na kipaji kile kingebaki ndani ya gunia.

Ndugu zetu, kutokana na hayo tulijiwekea masharti ya simu, nasi tunawapa kama tulivyoyaandika ukutani.

Kwanza, jambo linalomhusu mtu mmoja mwambie mtu mmoja, tena uso kwa uso kama yuko karibu. Ukimkosea mbele ya watu, mwombe radhi mbele ya watu.

Pili, habari usiyojua ilipotoka usiipeleke mbele. Julai 2023 mgao wa chakula ulipoanza kugawanywa kwa makundi kwa kufuata uhitaji wa kila familia, uvumi ulikuwa mwingi kuliko unga. Neno moja la uongo linaweza kumfanya jirani amwone jirani yake mwizi.

Tatu, rafiki wa kwenye simu mpime kama rafiki wa njiani: kwa muda na kwa matendo. Anayekuahidi kazi ng'ambo au safari ya kuhamia Ulaya ili umtumie pesa kwanza, huyo si rafiki. Huduma za UNHCR hazilipiwi. Ukidaiwa hata shilingi moja, leta habari kwenye Kamati.

Nne, na hili ni muhimu kuliko yote, simu itumike kusifu pia. Tunao wenzetu wa chuo waliotawanyika, mmoja Bunia, mwingine Kampala, mwingine hapa Arua. Hatujaonana miaka mingi. Lakini mmoja akifundisha somo likaenda vizuri, huturekodia kwa sauti dakika mbili, nasi tunalijaribu darasani kesho yake, kisha tunamwambia lilivyokuwa. Hivyo tumeendelea kuwa chuo kimoja kisicho na kuta. Urafiki wa mbali unadumu pale ambapo kila mtu anatoa kitu na kila mtu anashukuru.

Lakini msituelewe vibaya. Hatusemi kwamba kipaji kinatosha, na kwamba mwalimu akae nyuma ya darasa maisha yake yote akifurahi. Mwaka 2019 Uganda ilitoa sera mpya ya walimu inayotaka kila mwalimu awe na shahada. Wenyeji wenyewe wanahangaika. Sisi je, ambao hata vyeti tulivyo navyo havijalinganishwa? Tunaiomba Kamati iendelee kulisema jambo hili kila inapokaa na Ofisi ya Waziri Mkuu na mashirika. Njia ya kulinganisha vyeti iwe wazi na gharama yake iwe ya kuwezekana. Mtu aliyeonekana kipaji chake apewe na haki yake. Na tuseme kweli: walimu wenyeji wanne wametusaidia kuandika barua hiyo kwa Kiingereza. Mmoja wao ni yule wa chaki.

Tunamaliza kwa maombi mawili madogo. La kwanza ni kwa Kamati: fungueni daftari moja, siyo la wanaohitaji msaada, maana hilo lipo, bali la wanaojua kitu. Jirani amwandikishe jirani. Mtu asijiandikishe mwenyewe. La pili ni kwa kila mmoja aliye hapa: kabla jua halijatua, mtafute mtu mmoja, wa karibu au wa kwenye simu, umwambie jambo moja ambalo umemwona akilifanya vizuri. Litaje kwa jina. Usimwambie tu "wewe ni mtu mwema", mwambie, "niliona ulivyomnyamazisha yule mtoto." Huenda hajawahi kuambiwa. Huenda akaanzia hapo.

Jiko halisimami juu ya figa moja. Mwenyeji ni figa, mkimbizi ni figa, na la tatu ni kazi tunayoifanya pamoja. Tukiyatunza yote matatu, chungu hakitamwagika.