Maji ya Majaluba: Hotuba kwa Wakulima wa Mwanza

Mgeni afikaye Mwanza hustaajabu kuona kwamba mkulima akaa kando ya ziwa kubwa kuliko yote ya Afrika, walakini mpunga wake wangoja mvua. Sababu yake ni dhahiri: ziwa liko chini na mashamba yako juu, wala maji hayapandi pasipo pampu na mafuta, navyo vyataka fedha.

Basi kazi ya majaluba ni kuyakamata maji yashukapo. Mvua inyeshayo juu ya luseni, yaani mchanga wa vilimani, huteremka hata itogolo na mbuga, na huko kingo za udongo huyazuia. Yafaa kingo zitazamwe kabla ya mvua za Novemba, kwani tundu moja la panya laweza kulikausha jaluba usiku mmoja. Tena kila jaluba liwe na mlango wa kutolea maji yazidipo, uelekeao mfereji. Uelekeapo shamba la jirani, ndipo mashauri ya kijiji huanzia, nasi twaona si haki aliye juu kumnyima maji wala kumgharikisha aliye chini.

Hatari iliyo kubwa ni ukavu wa Januari na Februari, kati ya vuli na masika. Aoteshaye kitalu kimoja siku moja acheza kamari. Afadhali aoteshe viwili, cha pili majuma matatu baada ya cha kwanza, ili miche isizeeke yote ikingoja maji. Na juu kwenye mchanga apande mihogo na viazi. Michembe iliyomo ghalani haiulizi habari za mvua.

Wako wanaodhani bustani za pwani ya ziwa hazina hatari. Na wakumbuke kwamba kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2. Mwaka 2006 likashuka mno, na Mei 2020 likafurika tena. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 nayo yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.

Neno moja kwa walimu. Maji yatuamayo jalubani hukaa konokono wa kichocho. Mtoto akojoaye damu asichekwe na wenzake. Apelekwe zahanati upesi, maana dawa ipo.