Haki ya njia hapo nje ya msikiti



Wazazi wetu, ndugu zangu vijana, tunamshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.) aliyetufikisha Ramadhan nyingine. Nimepewa dakika chache nizungumze juu ya njia zetu za hapa Majengo, Mombasa. Wengine mtasema, huyu wa chuo kikuu ametuletea mambo ya kaunti. La. Nazungumzia hapo nje tu, mlipovua viatu.

Juzi baada ya tarawehe nilitoka na nyanya yangu. Njia ya miguu imejaa: magari mawili yamepanda juu kabisa, na pikipiki zimejipanga katikati. Ikabidi tushuke barabarani. Tuktuk ikaja kwa kasi, nikamvuta nyanya kwa buibui lake hata likachanika. Muuza mikate aliyekuwa nyuma yetu na baiskeli hakuwa na wa kumvuta. Alianguka, mkono ukateguka, mikate ikatapakaa. Tuktuk haikusimama.

Nilimlaani yule dereva, Mungu anisamehe. Lakini nilipotulia nikajiuliza, ni nani aliyetutoa kwenye njia yetu? Ni sisi sisi tulioswali safu moja. Gari moja kati ya yale ni la ami yangu, na anakaa vichochoro vitatu tu kutoka hapa!

Sote tumesoma madrasa kwamba Mtume (S.A.W.) aliwakataza masahaba kukaa njiani, na waliposema hawana budi, akawaamrisha waipe njia haki yake, na mojawapo ni kuzuia maudhi. Sisi tukadhani maudhi ni mwiba na jiwe. Je, gari zima juu ya njia ya miguu?

Sasa fanyeni hesabu. Sheria ya Kenya inaruhusu mwisho kilomita 50 kwa saa ndani ya mji. Hiyo ni karibu mita 14 kila sekunde. Mtoto akichomoza baina ya magari yaliyoegeshwa, dereva hajafikisha mguu kwenye breki, gari limeshamfikia. Kwa kilomita 30 ni kama mita 8, hapo angalau kuna nafasi. Na jioni, adhana ya magharibi ikikaribia, hamna anayekwenda pole pole, kila mtu anawahi futari.

Matuta na kivuko cha rangi tutaiomba kaunti, barua iko mlangoni, tieni sahihi. Lakini mengine hayangoji barua. Anayekaa karibu aje kwa miguu. Atokaye mbali asipande njia ya miguu hata ikiwa amechelewa rakaa. Wenye baiskeli, fungeni taa nyuma. Na mama zetu wakitoka usiku na mabuibui meusi, dereva hawaoni mpaka awe karibu mno, kwa hivyo tunataka vijana sita wasimame na tochi mpaka wote wavuke.

Ami nimeshamwambia. Alikasirika kidogo, lakini jana nimemuona amekuja kwa miguu. Vijana wa tochi, nipeni majina kabla ya isha.

Wabillahi taufiq.